Chupa ya Maji ya Mgeni

Ukiniuliza ni kitu gani kilichonitia hasira kuliko vyote katika maisha yangu ya kazi, sitakutajia mshahara wala wakubwa, ingawa nao walijitahidi sana. Nitakutajia chupa moja ya plastiki ya lita moja, yenye kifuniko cha bluu, iliyonifikia ikiwa safi kuliko chupa zote nilizowahi kupokea. Ilisuuzwa mara tatu kama nilivyoagiza. Iliandikwa jina la kijiji, tarehe na saa, kama nilivyoagiza. Na ikanidanganya, wakati aliyeijaza hakuwa mwongo hata kidogo.

Nilikuwa fundi wa maabara ya maji pale Singida mjini, miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kumwagwa sokoni kwa marobota na kila mwenye kioski akajiita mfanyabiashara. Kazi yangu ilikuwa kupima madini kwenye maji, na madini niliyoyachukia kupita yote ni floraidi. Nilikuwa na sababu. Nimezaliwa upande wa Mtinko na meno yangu ni ya kahawia. Si uchafu, jamani, mswaki nimepiga maisha yangu yote! Ni maji tuliyokunywa utotoni, wakati meno ya ukubwani bado yanajiumba ndani ya ufizi. Nilipokwenda chuo, wenzangu wa pwani waliniuliza kama kwetu tunatafuna ugoro. Tangu siku ile nikicheka naziba mdomo kwa kiganja. Nimeshazeeka na mkono bado unakwenda wenyewe.

Basi kazini nilikuwa mkali. Upimaji wenyewe ukiuona utasema ni mchezo wa watoto: unatia dawa nyekundu kwenye maji, floraidi ikiwepo rangi inafifia, mashine inakusomea imefifia kiasi gani. Lakini dawa ikizidi tone moja, umeharibu. Maji yakiwa ya baridi na dawa ina joto, umeharibu. Ndiyo maana kabla ya kupima maji ya mtu nilipima kwanza maji yaliyokenekwa, yasiyo na kitu, mashine iniambie sifuri. Halafu nilipima maji niliyoyatengeneza mwenyewe, ninayojua yana floraidi kiasi gani, nione kama mashine nayo inajua. Ikikosea hata kidogo, naanza upya. Kila chupa niliipima mara tatu, na majibu yasipokaribiana, hakuna wa kwenda nyumbani. Mkuu wetu wa maabara, mzee mpole aliyekuwa anahesabu miaka ya kustaafu, alinibatiza jina la mama mara tatu. Alidhani ananitania, mimi nikalichukua kama cheo.

Zamani tulikuwa tunakwenda wenyewe. Tunapanda Landrova, tunafika kijijini, tunapampu maji mpaka yale yaliyolala kwenye bomba yaishe, ndipo tunakinga. Lakini miaka hiyo wimbo ulikuwa mmoja tu, kupunguza matumizi, na la kwanza kupunguzwa likawa dizeli yetu. Akafuata dereva. Gari likapandishwa juu ya mawe nyuma ya ofisi, kuku wakatagia humo. Tukaambiwa kuanzia sasa mwenye kutaka maji yake yapimwe ayalete. Nilipiga kelele kwenye kikao mpaka sauti ikakauka. Nikawaambia, "Maji nisiyoyachota mwenyewe mimi siyajui! Mnataka nipime kitu nisichojua kimetoka wapi?" Wakacheka. Mmoja akasema haya ni mambo ya soko huria, mama, mteja anakuja na mzigo wake. Nikaishia kuandika karatasi ya maelekezo, mistari kumi na mbili, namna ya kusuuza chupa na namna ya kukinga, nikairudufu na kuituma kila kata.

Mwaka ule kampuni moja ya watu binafsi ilichimba kisima kirefu kijijini kwa dada yangu, mbele ya Kinyangiri. Huyu ni dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni Mtinko nzima. Alikuwa ameolewa kule miaka mingi, anasema Kinyiramba kama aliyezaliwa nacho, na kwa kuwa alijua kusoma na kuandika walimfanya katibu wa kamati ya maji. Wakati huo alikuwa amejifungua kitindamimba, binti, bado mchanga kabisa. Kijiji kile kilikuwa na jambo moja nililolionea wivu: watoto wake walikuwa na meno meupe. Walikunywa maji ya kufukua kwenye mchanga wa mto mkavu, na mchanga ule sijui ulikuwa na baraka gani. Ila mto ulikuwa mbali. Wanawake walitoka alfajiri na kurudi jua limeshapanda, shingo zimeingia mabegani kwa ndoo.

Sasa mkataba wa kampuni ulikuwa hivi. Maabara ikisema maji ni mabaya, mtambo unahamishwa hatua kadhaa na kuchimba pengine. Ikisema ni mazuri, wanafunga pampu, wanapewa cheti, wanaondoka. Kwa hiyo kila kitu kilikaa kwenye chupa moja, na nyuma ya chupa ile walikuwa watoto wote wa pale ambao meno yao hayajaota, na mtoto wa dada yangu akiwa mmoja wao. Nililijua hilo. Asije mtu akaniambia sikulijua.

Chupa ililetwa na basi, imefungwa ndani ya khanga. Pamoja nayo alikuja jogoo mwekundu, zawadi yangu kutoka kwa dada. Nikamfunga yule jogoo mguuni mwa meza, nikaanza kazi huku akiniwikia. Chini ya chupa kulikuwa na mchanga kidogo, kiasi cha kushika kwa vidole viwili, mweupe na wenye vimetameta. Nikajisemea kisima kipya lazima kiteme uchafu wa kuchimbia. Nikayachuja maji, nikaumwaga mchanga kwenye sinki. Mimi, mama mara tatu! Ushahidi wote nilikuwa nao mkononi nikaufungulia bomba.

Nikapima maji matupu: sifuri. Nikapima maji niliyoyajua: sawasawa. Nikapima ya dada mara tatu, yakaja majibu matatu yanayofanana kama watoto wa tumbo moja, hayafiki hata miligramu moja kwa lita. Nilifurahi kupita kiasi. Mkuu akatia sahihi, na mimi nikatia yangu chini kama mpimaji, kwa kalamu ya wino, kubwa kuliko ilivyohitajika. Wiki iliyofuata mtambo ukaondoka.

Mwaka na zaidi ukapita kabla sijapata nafasi ya kwenda. Nilimkuta kitindamimba anatembea, na dada anajiandaa kumwachisha ziwa. Nikamwamkia mama mkwe wake shikamoo, nikaketi, nikaletewa maji kwenye kikombe cha bati chenye maua. Njia ilikuwa na vumbi na nilikunywa yote bila kupumua. Yalikuwa baridi, matamu.

"Dada, kweli mmebarikiwa," nikamwambia. "Bomba lenu lina maji matamu kuliko ya mjini."

Dada akacheka. "Hayo si ya bomba, mdogo wangu. Hayo ni maji ya mgeni. Ya mtoni, kwenye mchanga."

"Maji ya mgeni ndiyo nini?"

Akanionyesha mtungi mdogo kwenye kona, umefunikwa kwa sahani. Akanieleza kwamba pale kijijini kila nyumba inao. Sisi wenyewe tunakunywa ya bomba, alisema, tumeshayazoea, ila yana magadi magadi, hata mlenda tunapika bila kutia magadi. Lakini huwezi kumpa mgeni maji ya namna ile. Ni aibu. Kwa hiyo mtu mmoja anakwenda mtoni mara moja moja anajaza mtungi wa mgeni.

Nikakitua kikombe chini. Nikauliza taratibu, maana nilikuwa naogopa jibu. "Dada. Na ile chupa uliyoniletea?"

"Ile niliisuuza mara tatu, kama ulivyoandika."

"Uliijaza wapi?"

Akaniangalia kama ninamuuliza swali la mtoto. "Mtoni. Ningekuletea wewe maji ya magadi? Na wakubwa wa mkoa wayaonje, waseme kijiji chetu kinakunywa mkojo wa ng'ombe?"

Ala! Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Nikamfokea. Dada yangu mkubwa, mbele ya mama mkwe wake, nilimfokea kwa Kinyaturu chetu mpaka mtoto akaanza kulia. Nilimuuliza kama ana akili, nilimuuliza karatasi aliisomea wapi, mstari wa pili si umeandikwa maji ya kisima kipya? Akanijibu kwa utulivu ulionikera zaidi, "Mstari niliuona. Lakini hukuandika kwamba mnataka mabaya."

Ni kweli sikuandika. Mistari kumi na mbili, namna ya kusuuza, namna ya kufunga kifuniko, na hakuna hata mmoja uliosema kwa nini. Nilidhani kila mtu anajua kwamba mpimaji hanywi. Nilikuwa nimeipima mashine, nimeipima dawa, nimejipima mimi mwenyewe, na sikupima heshima ya watu.

Nilikwenda bombani saa ile ile. Nikapampu mpaka mkono ukauma, nikaonja. Yalikuwa yanateleza mdomoni na ladha ya magadi inabaki nyuma ya ulimi. Nikajaza chupa tatu kwa mkono wangu, na kesho yake nikapanda nazo basi nimezipakata mapajani. Kondakta aliniambia nizipeleke juu kwenye keria. Nikazikumbatia, akaachana na mimi.

Maabara nilianza kama kawaida, sifuri ikawa sifuri, nilichokijua kikawa kilivyo. Kisha nikatia dawa kwenye maji ya bomba na rangi ikafa palepale. Mashine ikasoma namba iliyo nje kabisa ya mstari wa kusomea vipimo niliouchora kwenye karatasi ya miraba. Ikabidi niyazimue mara tano kwa maji yaliyokenekwa ndipo yasomeke. Mara tatu kwa kila chupa, chupa tatu. Sita na ushei. Nilirudia yote siku ya pili, nikiomba Mungu niwe nimekosea, mimi ambaye sijawahi kuomba kukosea. Sita na ushei.

Nikampelekea mkuu wangu karatasi. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Haijavuka kiwango cha vijijini," akasema.

Nilijua atasema hivyo. Enzi hizo kiwango kilicholegezwa kwa ajili ya vijijini kilikuwa kikubwa kuliko sita, kwa hoja kwamba maji ni adimu na mtu hawezi kuchagua. "Mzee," nikamwambia, "jino la mtoto linajua liko kijijini?"

"Punguza sauti, mama."

"Sipunguzi! Mkataba ulituachia sisi tuseme mazuri au mabaya, na mimi ningesema mabaya! Kampuni ingehama hatua mia mbili ingepata maji mengine. Walikuwa na mtambo pale pale! Sisi ndio tuliowaambia waondoke!"

"Na wameshaondoka," akasema. "Cheti kimetoka, pampu imezinduliwa, watu wamepiga vigelegele. Sasa unataka tuandike nini? Kwamba tulikosea kupima?"

"Hatukukosea kupima."

"Basi tulikosea nini?"

Yale majibu ya kwanza yalikuwa sahihi kabisa, sahihi ya maji mengine. Hata hivyo niliandika barua, kurasa mbili, mzee akaipokea kwa mikono miwili na kuitia kwenye faili. Najua ni faili gani kwa sababu nilikuwa nakwenda kuichungulia. Haikutoka humo mpaka anastaafu.

Nikaona nisingoje ofisi. Nikachukua likizo, nikarudi kijijini, nikaomba mkutano. Walikuja wengi, wakanisikiliza kwa adabu. Nikafungua mdomo wangu mbele yao, mimi ninayeuziba miaka yote, nikawaonyesha meno. Nikasema, "Watoto wenu watakuwa hivi. Maji ya bomba fulieni, osheni vyombo, nywesheni ng'ombe. Mtoto mdogo mpeni ya mtoni."

Mwenyekiti wa kijiji akainuka, akaingia ofisini, akatoka na fremu ya kioo. Ndani yake kilikuwemo cheti changu. Walikuwa wamekitundika ukutani kama picha ya harusi.

"Sahihi hii ya nani, mama?"

"Yangu."

"Ulikuwa unaumwa siku ile?"

"Sikuwa naumwa."

"Mashine ilikuwa mbovu?"

"Ilikuwa nzima."

"Sasa leo tukuamini wewe au tuiamini sahihi yako?" Watu wakaangua kicheko. Wallahi nilitamani nikivunje kile kioo. Nilitamani pia kusema ni nani aliyejaza chupa, lakini dada alikuwa ameketi mbele na mtoto mapajani, na pale ni ukweni kwake.

Dada akasimama mwenyewe. Akasema, "Maji yale niliyapeleka mimi. Niliyachota mtoni. Mdogo wangu hana kosa."

Nikadhani sasa wameelewa. Nikasubiri wamgeukie, nikajiandaa kumtetea. Bibi mmoja akasema kwa sauti, "Ulifanya vyema, mwanangu. Ulitaka utuaibishe mkoani?" Na wengine wakaitikia kweli, kweli, na kuna walioanza kupiga makofi! Kumpigia makofi! Nimeshawahi kupambana na umeme wa mgao, na dawa zilizokwisha muda, na wakubwa wenye usingizi, lakini kupambana na adabu sikuwa nimefundishwa. Mama mmoja aliyekuwa na kovu la ndoo za mtoni utosini akaniuliza, bila ubaya wowote, kama niko tayari kuhamia pale niwachotee.

Mkutano ukaisha. Pampu ikaendelea kulia krii, krii, na foleni ya ndoo ikarudi palepale.

Jioni ile sikumsemesha dada. Nilikuwa nimekaa mlangoni nimenuna, naye yuko ndani na mtoto aliyekuwa analilia maji. Nikamsikia anafunua ile sahani ya kwenye kona. Nikageuka. Alikuwa ameshika kikombe cha bati chenye maua, kile cha wageni, anamnywesha binti yake taratibu, na mama mkwe anamtazama kwa mshangao.

"Hayo ni ya mgeni," mama mkwe akasema.

"Ndiyo, mama," dada akajibu. "Kuanzia leo huyu ndiye mgeni wetu."

Na alifanya kweli. Miaka yote ile, pampu ikiwa hatua hamsini kutoka mlangoni, alikwenda mtoni na ndoo ndogo kwa ajili ya mtoto mmoja. Wenzake walimcheka, wakasema mdogo wake wa mjini kamroga. Mimi kila likizo nilikwenda na kuzungumza nyumba kwa nyumba. Wawili watatu walijaribu, wakachoka. Siwalaumu, au nawalaumu, inategemea unaniuliza siku gani.

Binti alipofika darasa la pili nilikwenda kumwona. Meno ya mbele ya utotoni yalikuwa yameng'oka na mapya yameshuka. Nikamwita uani kwenye mwanga, nikamwambia fungua mdomo. Yalikuwa meupe yote, hayana doa hata moja. Nikayaangalia moja moja kama ninavyoangalia majibu ya kipimo, nikarudia mara ya pili, nikarudia mara ya tatu. Nikamwambia jogoo wao amekonda kama mwalimu wa kujitolea. Nilitaka nione akicheka.

Alicheka, na palepale akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mbona unaziba?" nikamuuliza.

Akainamisha kichwa. "Shuleni wananicheka, mama mdogo. Wote wana ya kahawia. Mimi wananiita mgeni."

Nikamshika mkono, nikautoa mdomoni. Nilipouachia, ukarudi.